Jinsi ya Kujiandaa kwa Shindano Lako la Kwanza la Kulenga Shabaha za Mbali

Ndugu mtazamaji, karibu. Leo nitakuonyesha namna ya kujiandaa kwa shindano la kwanza la kulenga shabaha za mbali kwa bunduki, nikichukulia kwamba bunduki unayo na kwamba umeimiliki kihalali. Anza na karatasi. Hapa Uganda silaha inasimamiwa na Sheria ya Silaha ya mwaka 1970, hivyo soma tarehe iliyo kwenye kibali chako leo, si asubuhi ya safari, kwa maana ukisimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani, afande hatataka hadithi za mashindano. Bunduki isafiri ikiwa tupu ndani ya sanduku lililofungwa kwa kufuli, risasi zikae kando, na kwenye boda boda usiipakie kabisa.

Sasa tuingie kazini. Wengi wanaoanza humaliza fedha kwa darubini kubwa, ilhali kinachowaangusha uwanjani ni saa. Kituo kimoja cha shindano kwa kawaida hukupa sekunde 90 hadi 120 za kupiga risasi kama 10, nawe unahama kutoka juu ya pipa kwenda kwenye ngazi, kisha kwenye rundo la matairi. Maandalizi yote nitakayokuonyesha yanalenga kuziokoa sekunde hizo.

Hatua ya kwanza ni kupiga ziro kwa mita 100, yaani kuirekebisha darubini mpaka risasi ipige pale unapolenga. Kaza skrubu zote za darubini, kisha chora mstari mwembamba kwa rangi ya kucha, uanzie kwenye kichwa cha skrubu na kuishia kwenye chuma kilicho kando yake, kama unavyoona hapa. Mstari ukikatika, utajua skrubu imelegea hata kabla risasi hazijaanza kukosa. Piga risasi tano, rekebisha, kisha piga tano nyingine.

Hatua ya pili ni jedwali la masafa, yaani orodha ya kiasi cha kurekebisha darubini kwa kila umbali, na hapa naomba utulie nami. Mbofyo mmoja wa kirungu cha darubini nyingi za mchezo huu, yaani kile kitufe unachozungusha kurekebisha shabaha, ni miliradiani 0.1, kipimo cha pembe, yaani sentimita 1 kwa mita 100 na sentimita 5 kwa mita 500. Pima mwendo wa risasi zako kwa kronografu, uingize namba hizo katika programu ya simu, lakini usisahau kuiambia programu mahali ulipo. Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na huko juu hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja ya kumi. Risasi haipunguziwi mwendo sana wala haianguki sana kama pwani, kwa hiyo jedwali lililotengenezwa pwani litafanya risasi ipite juu ya bamba la chuma unalolenga, na kosa hilo hukua kadiri masafa yanavyoongezeka. Hata baada ya hesabu hiyo, nenda uwanjani ukahakikishe kwa kupiga, maana programu haiujui mtutu wako.

Namba ziandike kwenye kadi ndogo utakayoifunga kwenye mkono wa kushoto, na uziandike kwa penseli. Mimi shindano langu la kwanza niliandika kwa kalamu ya wino. Mvua ya saa nane mchana ilinyesha dakika kumi tu, nikabaki na kadi ya buluu isiyosomeka na mabamba matatu yakinisubiri.

Hatua ya tatu hufanyika nyumbani, bila risasi hata moja. Toa magazini, fungua boliti, chungulia chemba kwa macho, kisha ingiza kidole kuthibitisha kwamba ni tupu. Risasi zote ziwe chumba kingine. Mto wa kuegemeza bunduki si lazima ununue: huu wangu ni mguu wa suruali ya jinzi kuukuu uliojazwa maharage na kushonwa pande zote mbili. Uweke juu ya mgongo wa kiti, ulaze bunduki, na uache uzito wake uzame. Kama alama ya darubini inacheza, usiikandamize kwa mabavu. Sogeza miguu yako mpaka itulie yenyewe. Washa saa ya simu kwa sekunde 90, fyatua mara tatu kwenye kiti, fungua boliti, hamia kwenye ngazi, fyatua tena. Dakika kumi na tano kila jioni kwa wiki tatu zinatosha kukupa tofauti utakayoiona mwenyewe.

Siku yenyewe, vaa vizibo vya masikio na miwani, beba maji na koti la mvua, na mwambie mwamuzi kwamba wewe ni mgeni, umwombe usiwe wa kwanza katika kundi. Ukiwatazama wenzako utaona vumbi la risasi zao linapeperushwa na upepo kuelekea upande gani. Kuhama kutoka mkao mmoja hadi mwingine boliti ikiwa imefungwa kunaweza kukuondoa shindanoni papo hapo. Saa ikianza, chagua risasi sita zilizotulia badala ya kumi za haraka.

Kila kituo kikiisha, kabla hujaenda kununua rolex yako ya chapati na mayai, andika kwenye kadi namba iliyogonga kweli, kando ya ile uliyokuja nayo.