Boriti za Zege za Takamatsu

Mabibi na mabwana, mkitaka kujua Kenzo Tange, msanifu majengo wa Kijapani, alirithi nini hasa kwa maseremala wa zamani wa Japani, msitazame paa. Paa wengine walishalichukua. Jumba la makumbusho la Ueno, Tokyo, lililokamilika 1937, ni zege lililovishwa vigae vya Kijapani kama kofia. Tange alichukua kiunzi, yaani mifupa ya nguzo na boriti.

Tazameni Ofisi ya Mkoa wa Kagawa, mjini Takamatsu, ya 1958: ghorofa nane, kila moja imezungukwa na baraza. Chini ya baraza zimechomoza ncha za boriti nyembamba, zimepangwa karibu karibu kama pau za hekalu. Ila zinazozuia tetemeko si hizo. Lifti na ngazi zimekusanywa katikati, ndani ya kuta nene za zege, na kuta hizo ndizo zinazopokea msukumo wa pembeni. Ndiyo maana upande wa nje umeachiwa vioo.

Boriti nyembamba ni mtihani kwa fundi. Nondo zimebanana, zege likiwa kavu mno halipenyi, na mbao za kumwagia zege zikibanduliwa unakuta mapango. Ukiongeza maji ili lipenye, limepungua nguvu na litapasuka likikauka. Na kwa kuwa hapakusudiwa plasta, kosa halina pa kujificha.

Kwa maoni yangu, hapa ndipo kuiga mbao kunapogharimu. Pau ya hekalu hukingwa na paa pana, na ikioza seremala hukata sehemu mbovu na kuunga mti mpya. Zege halina ukarimu huo. Hewa ya ukaa hupenya taratibu, ualkali hushuka, nondo hupoteza kinga yake, hushika kutu, huvimba na kulibandua zege. Huna budi kuchimba hadi nyuma ya nondo, kuisugua, kuipaka kinga, kisha kuziba. Na kiraka hakifanani rangi na zege la zamani hata siku moja.

Jengo la Kagawa lilipohitaji kukingwa zaidi dhidi ya tetemeko, kuongeza mihimili ya chuma ndani kungeua uwazi wote. Kwa hiyo mafundi walichimba chini ya msingi, wakahamishia uzito wa jengo kwenye vihimili vya mpira na chuma; kazi ilikamilika 2019. Mwaka 2022 jengo likatangazwa mali muhimu ya utamaduni. Jengo lililokalia vihimili vya namna hii huachiwa nafasi tupu pande zote ili liyumbe bila kugonga kitu, na kila bomba linalovuka nafasi hiyo lazima liwe na kiungo kinachonyumbuka.