Kalenda ya Mahakama na Kesi ya Verres

Waandishi wenzangu, jioni njema. Wengi wetu tuliingia Roma kwa mlango aliotufungulia Mwalimu Nyerere, alipoitafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu Kaizari mwaka 1963. Humo siasa huamuliwa kwa majambia. Leo naomba tuyaweke pembeni. Anayetaka kuandika riwaya ya Roma, aanze na kalenda ya mahakama.

Mwaka 70 KK, Gaius Verres alishtakiwa kwa kuwapora watu wa Sisilia, alikokuwa liwali kwa miaka 3. Aliyemshtaki ni Cicero, mwenye umri wa miaka 36, ambaye ukoo wake haukuwahi kutoa seneta. Roma haikuwa na mwendesha mashtaka wa serikali. Raia yeyote angeweza kusimama na kushtaki, na aliyemwangusha mkubwa alitajwa mji mzima. Cicero mwaka huohuo alikuwa akigombea uedile, cheo cha kusimamia masoko na michezo ya mji. Msidhani aliifuata kesi hii kwa huruma tu. Huruma ilikuwepo, naamini, lakini kura nazo zilikuwepo.

Waamuzi wote walikuwa maseneta, kwa sheria aliyoiacha dikteta Sulla. Kesi ya nyani, hakimu ngedere. Cicero anadai Verres alikuwa akijigamba kwamba mavuno ya mwaka mmoja ni yake, ya mwaka wa pili ni ya mawakili na walinzi wake, na ya mwaka wa tatu, ulionona kuliko yote, ni ya waamuzi.

Sasa tazameni kalenda. Uchaguzi unafanyika, na Hortensius, wakili wa Verres, anachaguliwa konsuli, cheo cha juu kabisa cha Roma, kwa mwaka unaofuata. Curio, konsuli wa zamani, anamkuta Verres karibu na tao la Fabius, anamkumbatia hadharani na kumwambia: uchaguzi wa leo umekuachia huru. Mwandishi gani angeiacha sehemu hiyo? Maana mpango ulikuwa wazi: kesi ivutwe hadi Januari, Hortensius awe konsuli na rafiki yao mwingine, Marcus Metellus, awe ndiye anayesimamia mahakama hiyo. Na njia ya kuivuta ilikuwapo tayari. Kesi ilifunguliwa Agosti 5, na Agosti 16 michezo ingeanza, kisha michezo mingine juu yake, siku ambazo mahakama haikukaa. Desturi ilimtaka mshtaki ahutubie siku kadhaa kabla ya shahidi wa kwanza.

Cicero akaitupa hotuba yake. Aliongea kwa ufupi, akaita mashahidi papo hapo. Kesi haijaisha, Verres akakimbilia uhamishoni Massilia, Marseille ya leo.

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo. Cicero alibaki na ushindi na hotuba ambazo hakuzitoa. Akaandika 5 ndefu, kana kwamba Verres amerudi na ameketi mbele yake akitoka jasho, akazisambaza. Kisa cha Gavius kimo katika ya mwisho: raia anayechapwa fimbo sokoni Messana, huko Sisilia, na kila fimbo inaposhuka hasemi kingine ila kwamba yeye ni raia wa Roma. Kisha anasulubiwa akitazama Italia. Tunakinukuu hadi leo kama hotuba ya mahakamani, na hakuna mwamuzi aliyewahi kuisikia hotuba hiyo. Kwa maoni yangu, mwandishi wa kwanza wa riwaya juu ya Verres ni Cicero mwenyewe, na alikuwa na sababu za kiuchaguzi za kuiandika vizuri. Msimwamini bure. Verres hakutuachia upande wake.

Halafu subirini miaka 7. Desemba 63 KK Cicero ni konsuli, na yule aliyemlilia Gavius anawaua bila kesi raia 5 wa njama ya Catilina ya kuipindua serikali. Seneti ilimuunga mkono, lakini Seneti haikuwa mahakama. Mwaka 58 KK adui yake Clodius akaleta sheria ya kumfukuza yeyote aliyemuua raia bila hukumu. Hakulitaja jina. Nani alihitaji kuambiwa?

Mimi riwaya yangu ningeianzia hapo, usiku kabla Cicero hajaondoka mjini, anapoitoa nyumbani sanamu yake ndogo ya mungu wa kike Minerva na kuipandisha Kapitoli, kilima cha mahekalu, ailinde Roma wakati yeye hayupo.