Kiwanja kilichokuwa kiwanda: anzeni na faili kabla ya tingatinga

Haya, mnanisikia huko nyuma? Poa. Leo naongelea viwanja vya mjini vilivyochafuliwa, penye viwanda vilivyokufa, magereji, sheli za zamani, halafu mtu anataka ajenge nyumba hapo. Kila mtu anawaza tingatinga: chimba, beba, katupe, kwisha. Mi nasema kwanza tafuteni makaratasi.

Chukueni Love Canal, mfereji wa zamani uliotelekezwa katika mji wa Niagara Falls, Marekani. Kampuni ya Hooker Chemical ilifukia humo kama tani 21,000 za taka za kemikali, ikaweka mfuniko wa udongo wa mfinyanzi, na 1953 ikawauzia bodi ya shule kwa dola 1. Dola moja jamani! Na hati ya mauzo ilitaja kabisa kwamba chini kuna kemikali. Shule ikajengwa, nyumba zikafuata pembeni, mafundi wakachimba mitaro ya maji taka wakautoboa ule mfinyanzi, maji ya mvua yakawa yanaingia na hayana pa kutokea, yakajaa mle kama kwenye beseni mpaka kemikali zikaanza kuchuruzika kwenye besimenti za watu. 1978 Rais Carter akatangaza hali ya dharura, familia zikahamishwa, na 1980 ndo ikapitishwa sheria ya Superfund, ile ya Marekani ya kusafisha maeneo yaliyochafuliwa. Sasa niambieni, hapo teknolojia ndo ilikosekana? Mfuniko ulikuwepo, onyo lilikuwepo, ila limelala kwenye faili.

Kusafisha kwenyewe kunategemea sumu gani. Mafuta, bakteria wanayala ukiwapa hewa na chakula. Gas Works Park ya Seattle ilikuwa kiwanda cha gesi mpaka 1956, mbunifu wake Richard Haag akaacha baadhi ya mitambo imesimama vilevile (mi naona alifanya la maana), udongo ukachanganywa na tope la maji taka na vumbi la mbao ili vijidudu vipige kazi, paki ikafunguliwa 1975. Risasi sasa, naongelea ile metali (lead), ni habari nyingine, ile haiozi wala hailiwi na mdudu yeyote, unaitoa au unaifunika, basi. Benzini nayo, kemikali iliyomo kwenye petroli, inageuka mvuke, inapenya nyufa za sakafu, yaani juu unaona udongo msafi kabisa kumbe chumbani watu wanavuta sumu.

Na usafi wa paking iliyomwagwa lami sio sawa na wa nyumba yenye bustani, ambako mtoto anachezea udongo halafu mkono mdomoni. Kusafisha kulingana na matumizi sio uchakachuaji, hela hazitoshi kila mahali. Shida inakuja hiyo paking ikiuzwa, mnunuzi akaamua kujenga chekechea na hamna anayemwambia.

Dada pale kauliza nani analipa. Aliyechafua, ndo msimamo wa Superfund. Kama kampuni ilishakufa, serikali au mwendelezaji anaubeba mzigo, kwa hiyo kabla hujasaini lipia sampuli za udongo na za maji ya chini, maana ukishanunua, sumu ni yako.