Kabla ya Kuuliza Bei, Uliza Spea

BARAKA: Karibuni tena. Dada Zuhura, leo nina kesi ya nyumbani. Mdogo wangu yuko Tanga, amejichanga miaka anataka gari la spoti. Roho imegawanyika kati ya Mazda RX-8 na Subaru Impreza WRX. Hiyo RX-8 ni rahisi mno.

ZUHURA: Rahisi mpaka unashtuka?

BARAKA: Mpaka nashtuka! Na inang'aa, milango ya nyuma inafunguka kinyume.

ZUHURA: Ile milango naipenda mno, kaka. Lakini injini yake haina pistoni. Ina rota mbili za pembetatu zinazozunguka, na kwenye kila ncha kuna kipande chembamba kinachoziba upepo usivuje. Vikishalika, kompresheni, yaani nguvu ya injini kubana hewa, inashuka, na hapo hakuna dawa ya kumimina. Injini inashushwa, inafunguliwa yote.

BARAKA: Fundi wetu hawezi kupima kabla mdogo wangu hajalipa?

ZUHURA: Kwa geji ya kawaida, hapana. Kila rota ina nyuso tatu, na geji ile inakuonyesha uso wenye nguvu kuliko wenzake, mbovu zinajificha. Panatakiwa kipimo chake maalumu. Akikikosa, aendeshe dakika ishirini injini ichemke, azime, asubiri kidogo, awashe. Ikizungusha weee bila kuwaka, arudishe funguo.

BARAKA: Na ikiwaka vizuri?

ZUHURA: Bado kuna spea. Injini ile, Renesis, Mazda hawakuifunga kwenye gari jingine walilouza. RX-8 yenyewe iliacha kutengenezwa 2012. Sasa Kariakoo utaichomoa kwenye gari gani? Unaagiza nje, unasubiri meli, gari limekaa juu ya mawe. Na inakula oili kwa jinsi ilivyoundwa, kwa hiyo asiyezoea kuchomoa dipstiki apime oili kila akijaza mafuta ataiua mwenyewe.

BARAKA: Subaru je? Watu wanasema nayo inafilisi.

ZUHURA: Inafilisi aliyeinunua imechoka. Lakini ina ndugu! WRX nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zina EJ205, injini ileile ya Subaru Forester tabo zilizojaa mjini. Forester ikigongwa Morogoro, tabo yake, pampu ya maji, sensa, vyote vinaweza kumfaa mdogo wako. Na fundi amekwishaifungua mara nyingi, hajifunzii kwenye gari lako.

BARAKA: Basi achukue STI kabisa, ile WRX kali zaidi.

ZUHURA: Hapana, hapo namzuia. STI ina gia boksi ya gia sita na breki za Brembo, imara kweli, lakini ndugu wanapungua na bei inapanda. WRX ya kawaida inamtosha. Aulize risiti ya mkanda wa taimingi. Hubadilishwa kwenye kilomita 100,000 hivi, na ukikatika valvu zinagonga pistoni. Hakuna risiti? Ahesabu haujabadilishwa, gharama hiyo aiondoe kwenye bei.

BARAKA: Sasa afanye nini wiki hii?

ZUHURA: Achukue karatasi, aandike klachi, tabo, rejeta, shokapu za mbele. Apige maduka matatu ya spea, kila kimoja aulize kipo leo au kinaagizwa, na shilingi ngapi. Afanye hivyo kwa magari yote mawili. Kabla ya hapo, asitoe hata kishika uchumba.

BARAKA: Muuzaji wa RX-8 anamsubiri Jumamosi.

ZUHURA: Basi mpigie mdogo wako leo, kaka.