Hakuna Kati Yenu Aitwaye Tales

Ndugu zangu, leo sitaanza na Sisa. Wengi wanaozungumzia riwaya za José Rizal, mwandishi wa Ufilipino enzi za ukoloni wa Wahispania, huanza naye, yule mama wa riwaya ya kwanza anayerukwa na akili baada ya wanawe kusingiziwa wizi kanisani. Kisha haraka haraka tunaambiwa: Sisa ndiye Ufilipino. Sikatai. Ila tukikimbilia huko tunamsahau mama aliyewaandalia wanawe chakula cha jioni, mumewe akaja akakila.

Nataka tumtazame Tales, mkulima wa riwaya ya pili, El Filibusterismo, iliyochapwa Ghent, Ubelgiji, mwaka 1891. Tales anafyeka msitu usio na mwenyewe. Homa inamuua mkewe na binti yake mkubwa, jembe haliachi. Shamba linapokaribia kuzaa, watawa wa Kikatoliki wanatokea: ardhi ni yetu, lipa kodi. Analipa. Kodi inapanda. Inapanda tena, mpaka siku anapogoma na kwenda mahakamani. Anashindwa. Mwishowe mtu yule mpole anamwaga damu na kuingia porini na majambazi.

Watu wa Calamba, mji alikozaliwa Rizal, hawakuhitaji kuelezwa kisa hicho. Mashamba yao yalikuwa milki ya watawa wa Kidominika. Waligombana nao juu ya kodi, familia ya Rizal ikiwa mstari wa mbele, wakafukuzwa makwao.

Sasa sikilizeni anachofanya mwandishi. Damu aliyoimwaga Tales haijakauka kwenye ukurasa, Rizal anaiacha hadithi pale pale na kuwageukia watu wa Calamba. Tulieni, anawaambia, hakuna kati yenu aitwaye Tales. Kisha anawataja kwa majina yao halisi, mmoja baada ya mwingine, na humo yumo Paciano Mercado, kaka yake wa damu.

Kila nikifika hapo huweka kitabu chini. Hao walioandikwa hawakuua mtu. Walichofanana na Tales ni kunyang'anywa, na Rizal aliogopa, naamini hivyo kwa moyo wote, kwamba subira yao nayo ingefika mwisho.

Tarehe 30 Desemba 1896 Wahispania walimpiga Rizal risasi mjini Manila. Paciano, yule aliyeambiwa kuwa yeye si Tales, akajiunga na wanamapinduzi, akawa jenerali.