Mtu wa Tano: Kupima Upana wa Kikosi katika Mbio za Nyika

Makocha wenzangu, wazazi mliofika, nanyi vijana mliokaa hapo kwenye nyasi, habari za asubuhi. Nimeombwa nizungumzie timu kubwa za mbio za nyika za vyuo vikuu vya Marekani, kwa kuwa baadhi yenu mnaomba nafasi za kwenda kusoma huko kwa ufadhili wa riadha. Washindi mnawajua tayari. Naomba leo tumtazame mtu wa tano.

Hesabu kwanza, ili twende pamoja. Timu inaingiza watu saba, wanahesabiwa watano wa mwanzo kufika. Wa kwanza anapata pointi 1, wa kumi pointi 10, zinajumlishwa, na mwenye chache ndiye bingwa. Huwezi kupata chini ya 15. Wa sita na wa saba hawaongezi pointi kwao, lakini kila wakimpita mtu wa tano wa wapinzani, wanamrudisha nyuma nafasi moja. Mimi shuleni nilikuwa wa sita. Jina langu halikusomwa mstarini hata siku moja, na nilikaa miaka mingi nikiamini kwamba sikuwa na faida. Kwa hiyo nikisema habari hii inanigusa, mnielewe hivyo hivyo.

Sasa mtazameni Edward Cheserek. Kijana wa Kenya, amevaa jezi ya Chuo Kikuu cha Oregon, akatwaa ubingwa wa NCAA, chama cha michezo ya vyuo vikuu vya Marekani, wa mtu mmoja mmoja mara tatu mfululizo: 2013, 2014 na 2015. Katika miaka hiyo mitatu Oregon haikubeba kombe la timu hata mara moja. Lilikwenda Colorado mara mbili, kisha Syracuse. Kabla yake Henry Rono alishinda 1976, 1977 na 1979 akiwa Chuo Kikuu cha Washington State, mtu ambaye mwaka 1978 alivunja rekodi nne za dunia, na chuo chake nacho hakikupata kombe katika miaka hiyo. Nyota akifika wa kwanza anaipa timu pointi 1. Akishinda kwa sekunde 20 ni pointi 1, akishinda kwa kifua ni pointi 1 ile ile.

Nyuma mambo ni tofauti. Simama siku moja mahali wanapopita watu wa nafasi ya 60 hadi 100. Utasikia vishindo vya viatu vya spaiki kabla hujaona nyuso, kisha linapita kundi zima, bega kwa bega, matope hadi magotini, huwezi hata kusoma namba. Hapo mtu akilegea kwa sekunde tano tu kwenye mlima, anapitwa na watu kumi. Sekunde tano za mtu wa tano zina thamani kuliko ishirini za nyota.

Tunapolinganisha timu za miaka tofauti, basi, tusilinganishe muda. Njia si moja, udongo si mmoja, upepo si mmoja. Tuangalie nafasi.

Chuo Kikuu cha Texas pale El Paso tunakijua vizuri sisi Watanzania. Suleiman Nyambui wetu alishinda mbio za NCAA mwaka 1980, mwaka ule ule aliopata medali ya fedha ya mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Moscow, na Zakaria Barie akashinda 1983. Lakini mwaka wa kuutazama ni 1981. Mathews Motshwarateu wa Afrika Kusini alifika wa kwanza na timu ikamaliza na pointi 17. Chukueni kalamu mjaribu: namba tano tofauti zinazoleta 17 ni 1, 2, 3, 4 na 7, au 1, 2, 3, 5 na 6. Hakuna njia ya tatu. Kwa hiyo hata bila kuona karatasi ya matokeo, mtu wao wa tano hakuwa nyuma ya nafasi ya saba katika hesabu ya timu, yaani bila kuhesabu waliokimbia bila timu!

Stanford mwaka 2003 walipata 24. Dathan Ritzenhein wa Colorado ndiye aliyeshinda, Ryan Hall wa Stanford wa pili. Pigeni hesabu ile ile: mtu wao wa tano hakuwa nyuma ya nafasi ya kumi katika hesabu ya timu. Wisconsin, waliofuata, walikuwa na 174. Mtoeni Hall kabisa, mwiteni wa sita achukue nafasi yake, hata afike wa 140, bado Stanford ni mabingwa. Kwa pointi El Paso wako juu, sibishi. Ila nikitaka kumwonyesha kijana maana ya kikosi kipana, namwonyesha Stanford ile, maana ilikuwa na uwezo wa kumpoteza mtu wake bora na isianguke.

Miaka miwili kabla ya hapo, 2001, Stanford hao hao walikuwa wameshindwa na Colorado, 90 kwa 91. Pointi moja! Mmoja wa watano wa Stanford angempita mmoja wa watano wa Colorado, popote pale njiani, kombe lingehama. Kwa wanawake lilitokea tena 2023: NC State 123, Northern Arizona 124.

Na 2022, Stillwater, Oklahoma, wanaume wa Northern Arizona na wenyeji wao Oklahoma State walifungana 83 kwa 83. Ikabidi walinganishwe mtu kwa mtu, wa kwanza kwa wa kwanza, hadi wa tano kwa wa tano. Northern Arizona wakashinda jozi tatu kwa mbili. Katika mashindano ya shule za sekondari kule, timu zikifungana huangaliwa mtu wa sita. Hiyo kanuni naipenda kuliko zote.

Kesho alfajiri tuna jaribio la kilomita nane. Saa yangu sitaibonyeza kwa wa kwanza peke yake. Nitabonyeza kwa wa kwanza na kwa wa tano, niandike tofauti yao ubaoni, na chini yake jina la wa sita kwa herufi kubwa.