Msimamizi Apande Gari
Mhadhara kwa wasimamizi wa wauguzi wa huduma ya methadoni ya gari, Unguja

Assalaam alaykum. Ahsanteni kwa kuja.

Barua ya mwaliko inanitaka nizungumzie usimamizi wa wauguzi katika tiba ya uraibu, kwa ujumla. Mtanisamehe, kwa ujumla sitazungumza. Heroini ilivyoingia visiwani mnajua. Hospitali ya Kidongo Chekundu ilivyoanza kutoa methadoni, dawa ya kunywa ya kutibu uraibu wa heroini, mwaka 2015 mnajua, na wengine mlikuwepo. Na hakuna ukoo katika kisiwa hiki usio na kijana aliyepita maskani, vijiweni kwa watumiaji. Hayo tuyaache. Nimekuja na jambo moja, na walionisikia kabla wanalijua: msimamizi wa wauguzi wa gari linalopeleka dawa vijijini awe ndani ya gari, dirishani, dawa inapomiminwa. Ofisini hasimamii kitu.

Kwa nini dirishani? Methadoni hufika kilele chake mwilini saa mbili mpaka nne baada ya kumezwa. Hospitali, mtu aliyekunywa asubuhi akalegea mchana, yuko karibu, au jamaa zake wanajua pa kumkimbizia. Sisi wa gari tunafika kijijini, tunafungua dirisha, mtu anakunywa saa mbili na nusu asubuhi, na saa nne tumeshakunja meza tunaelekea kituo kingine. Kilele chake kinaanza saa nne na nusu. Sisi tuko barabarani, yeye yuko barazani kwao au ameshaingia chomboni. Kama dozi ile ilikuwa kubwa kwake siku ile, muuguzi wetu hatakuwepo kuliona kosa. Nafasi yake ya kuliona ilikuwa zile dakika mbili za dirishani, basi.

Na dawa hii hujilimbikiza. Dozi ya leo inakuta mabaki ya jana na ya juzi, na kiwango katika damu huchukua siku nne au tano kutulia. Mtu aliyeanza Jumatatu na akawa mzima, anaweza kuzimika Alhamisi kwa dozi ile ile. Ndiyo maana tunaanza na miligramu zisizozidi 30 na kupanda polepole, hata kama wengi wao baadaye watahitaji 60 mpaka 120 kwa siku. Wiki mbili za mwanzo ndizo za hatari kubwa kabisa. Naona baadhi yenu mnaandika hili. Halikupaswa kuwa jipya kwenu.

Mtaniambia tunalo daftari. Ndiyo, tunalo: chupa zilizotoka sefuni, mililita zilizomiminwa, zilizobaki, saini mbili asubuhi, saini mbili jioni. Daftari hilo linalinda chupa, na chupa lazima zilindwe, sibishani. Wamarekani kwa miaka mingi, tangu 2007, walikataa kusajili magari mapya ya methadoni kwa hofu ya dawa kuvuja mitaani. Waliporuhusu tena mwaka 2021 waliweka masharti ya sefu na ya gari kurudi kituoni kila siku. Masharti mazuri. Lakini chupa haifi. Anayekufa ni yule aliyesimama upande wa pili wa dirisha, na daftari halina mahali pa kuandika macho yake yalikuwaje.

Sasa nitawaeleza kisa kimoja, na nitakieleza chote, maana kila nikikifupisha watu husikia jambo jingine.

Kituo kimoja cha kaskazini, kijiji cha wavuvi. Kijana wa methadoni, dozi yake miligramu 90, ametulia miezi mingi, ameanza tena kwenda baharini. Akaenda dago, kambi ya wavuvi mbali na kwao. Mnajua dago: mtu hapangi arudi lini, bahari ndiyo inayopanga. Akarudi na kuja dirishani asubuhi, nyuma yake foleni ya watu. Binti aliyekuwa akimimina alikuwa mgeni katika huduma, muuguzi kijana, mpole kwa sura. Akafungua kadi. Siku sita tupu.

Akamuuliza, "Kaka, umekunywa lini mara ya mwisho?"

"Siku mbili tu nimekosa, sista. Nipe dawa yangu niondoke."

"Kadi inasema sita."

"Kadi yenu hiyo. Mimi ninajua mwili wangu."

Pale akaanza kupandisha sauti, na foleni ikapandisha naye. Mnajua foleni ya watu ambao arosto, yale maumivu ya kukosa dawa, imeanza kuwagusa, pua zinatoka maji, mifupa inauma. Kila dakika kwao ni ndefu. Mmoja akapiga bodi la gari. Dereva akaingiwa na hofu. Binti akampigia simu msimamizi wake, ambaye alikuwa mjini, ofisini. Jibu alilopewa kwa simu ni hili: mpe dozi yake, usituletee fujo na wanakijiji.

Nataka mlipime jibu hilo. Miligramu 90 kwa mtu aliyekaa siku sita bila dawa. Mwili wake umeshasahau. Uvumilivu wa dawa hushuka kwa siku chache tu, na kwa sababu hiyo mwongozo unasema aliyekosa siku tatu apimwe upya na dozi ipunguzwe, na aliyekosa tano au zaidi aanze upya, kama mgeni. Yule bwana wa ofisini aliusoma mwongozo huo huo. Lakini kule ofisini hakuona kijana, hakuona kadi. Alisikia kelele katika simu, akataka zinyamaze.

Binti hakumimina. Akafunga chupa, akateremka garini, akamkalisha yule kijana kivulini, akampigia daktari moja kwa moja. Daktari akasema aanze na 30. Kijana akanywa huku akimtukana, matusi ya kumtukania mama yake mzazi. Kesho yake akarudi, mzima. Akanywa tena.

Kisa kingeishia hapo kingekuwa kizuri. Katika kikao cha mwezi, binti yule alisomewa kosa: kuchelewesha huduma, kutotii maelekezo, na lugha isiyofaa kwa mgonjwa. Lugha isiyofaa! Aliyetukanwa ndiye aliyeandikiwa lugha isiyofaa. Akaondolewa garini akapelekwa wodini, na wodini yupo mpaka leo, anafanya kazi nzuri, na sisi tumempoteza.

Aliyewekwa mahali pake, ndugu zangu, alijifunza nini? Alijifunza kwamba kumimina hakumletei mtu barua. Kuuliza ndiko kunakoleta barua. Hakuna fomu iliyosema mtu fulani hakufa mchana ule, kwa hiyo binti hakuwa na kitu cha kujitetea nacho. Takwimu ya mwezi ilionesha dozi zilizotolewa, na gari lenye muuguzi asiyeuliza litaonesha dozi nyingi zaidi, foleni fupi zaidi, malalamiko machache zaidi. Kwa vipimo tunavyotumia sasa, muuguzi hatari ndiye muuguzi bora. Nimelisema hili katika kila mkutano ninaoalikwa na nitaendelea kulisema mpaka fomu ibadilike.

Kuna sauti inayotaka kusema, naisikia hata kama haijasema: hawa wanasema uongo kila siku, muuguzi akianza kuwahoji huduma haiendi. Kwanza, mtu mwenye arosto anayekuficha siku alizokosa anaogopa kunyimwa. Na wewe ndiye uliyemfundisha kuogopa, kama kila akisema kweli anapigiwa kelele. Muuguzi anayesema "ahsante kwa kuniambia, tutakuanzisha leo leo, hutarudi mikono mitupu" atapata ukweli mara ya pili. Hilo ndilo ninalotaka msimamizi alisikie akiwa dirishani: namna anavyouliza. Huwezi kulisoma katika daftari.

Na wale wanaoniambia tunampa mlevi ulevi mwingine, sina muda mrefu nao leo. Mtu aliyefikia dozi yake sawasawa halewi, anakwenda kazini. Shirika la Afya Duniani liliiweka methadoni katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Mwenye shaka aje kituoni awaone akina mama wanaoletewa tena watoto wao wakiwa watu. Tuendelee.

Ramadhani. Hapa nataka utulivu, kwa sababu Shaaban tunajiandaa vizuri na Shawwal tunasahau. Mtu anayefunga hawezi kumeza dawa saa mbili asubuhi, kwa hivyo tunahamisha saa baada ya futari. Kutoka asubuhi ya leo mpaka usiku wa kesho ni saa 36. Wengine watavumilia, wengine watapata arosto usiku wa kwanza wa mwezi, na kijana mwenye arosto usiku wa kwanza wa Ramadhani unajua atakwenda wapi. Kwa hivyo wauguzi wazungumze na kila mmoja mapema na daktari apange kuhama taratibu. Hilo wengi mnalifanya.

Msilolifanya ni kurudi. Siku ya Idd gari linataka kurudi saa za kawaida. Mtu amekunywa jana saa mbili usiku. Leo saa mbili asubuhi yuko dirishani na kanzu mpya, ana furaha, anataka anywe aende kwa wazee. Saa 12 tu zimepita! Ukimpa dozi kamili umemwekea mbili katika nusu siku, na ndiyo siku ambayo marafiki wa zamani wanatembeleana, na mmoja wao ana vidonge vya usingizi mfukoni. Methadoni na vidonge vile pamoja huzuia pumzi. Nani yuko garini asubuhi ya Idd? Muuguzi mdogo kuliko wote, kwa sababu wakubwa wamechukua likizo. Mimi nasema msimamizi asichukue likizo ya Idd mpaka saa zimesharudi salama. Mnanung'unika, lakini hilo sitaliondoa.

Naona naambiwa dakika kumi. Basi niyapitie haraka.

Kifua kikuu. Rifampisini, mojawapo ya dawa za TB, huifanya methadoni iishe haraka mwilini. Mgonjwa akilalamika kwamba dawa haimshiki tangu aanze vidonge vya TB, hasemi uongo, aonwe na daktari. Na akimaliza vidonge vile, dozi iliyopandishwa lazima iangaliwe upya, la sivyo itamzidi. Wengi hukumbuka kupandisha.

Nguvu ya dawa chupani. Kuna maji ya methadoni ya miligramu 1 kwa mililita na kuna ya 10. Muuguzi aseme kwa sauti miligramu na mwenziwe aseme kwa sauti mililita, kila mtu, kila siku, hata foleni iwe mpaka msikitini. Na baada ya kumeza, mtu anywe maji na azungumze, ijulikane amemeza. Wawe wauguzi wawili. Gari lenye muuguzi mmoja na dereva lisitoke, na anayelitoa aandike jina lake.

Naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidiwa na methadoni au heroini, iwe karibu na mkono, isifungiwe sefuni. Na jamaa waambiwe kwamba mtu akizinduka kwa naloksoni bado hajapona. Sindano ile hufanya kazi dakika 30 mpaka 90 na methadoni inabaki zaidi ya siku nzima, kwa hivyo apelekwe hospitali, abaki huko.

Wanawake. Hawaji dirishani wakati wanaume wamejipanga, na kijiji kizima kinaangalia. Wapewe saa yao. Mjamzito asikatiwe dawa kwa sababu ya huruma isiyo na elimu. Kukatiwa ghafla ndiko kunakomhatarisha yeye na mimba yake. Nilikuwa na mengi hapa, na kuhusu wauguzi wanaomiminia binamu zao pia, maana kisiwa chetu ni kidogo, lakini muda umekwisha.

Naam, dada kule nyuma? Anauliza msimamizi mmoja ana magari matatu, atapanda lipi. Swali zuri, na jibu langu si la kupendeza: apande kila gari angalau mara moja kwa wiki, bila kutangaza, na siku alizobaki simu yake ipokewe mlio wa kwanza kuanzia saa mbili mpaka saa nne. Saa hizo asiwe na kikao chochote. Na akipigiwa, jibu lake la kwanza liwe swali: kadi inasemaje, na unamuonaje? Muuguzi aliyeko dirishani akisema simpi, uamuzi ni wake mpaka daktari aseme vingine. Ofisi isimpindue kwa simu.

Rasimu ya fomu mpya iko pale mezani karibu na mlango. Nimeongeza safu moja: dozi zilizosimamishwa dirishani, sababu, na aliyeamua. Kwenye ripoti ya mwezi safu hiyo isomwe kabla ya idadi ya dozi zilizotolewa, na gari lenye sifuri mwezi mzima litembelewe. Naomba kila msimamizi aisome na aandike maoni yake kwa jina kabla ya chai, maana safari hii naipeleka wizarani mwenyewe.